Sauti Nyembamba Juu ya Msonobari

Baba yangu humsamehe mwizi, humsamehe mlevi, na siku moja nilimshuhudia akimsamehe mtu aliyerudi nyuma na gari akalivunja lango letu. Kuna mtu mmoja tu asiyesameheka kwake: yule anayedai amemwona ndege ambaye hakuwepo.

Na mimi, Tuulia Haapsaari, bintiye wa pekee, mwenye miaka ishirini na tisa na akili zangu timamu, katika wanaume wote wa Ufini nilikwenda kumpenda huyohuyo.

Jumamosi ile ya Mei, saa kumi na moja alfajiri, jua lilikuwa limeshatoka zamani na theluji ya mwisho ilikuwa imejificha chini ya misonobari. Baba na mimi tulikuwa juu ya mnara wa mbao ukingoni mwa ghuba, darubini shingoni, kofia za sufu zimevutwa hadi masikioni. Ilikuwa siku ya mashindano ya minara. Kila mnara na kikosi chake, kuanzia alfajiri hadi saa saba mchana, na wanaotambua aina nyingi zaidi za ndege wakiwa juu ya mnara ndio washindi. Ndege hahesabiwi mpaka watu wawili wa kikosi wamwone au wamsikie. Zawadi ni keki na heshima, na baba keki haimshughulishi.

Mwenzetu wa nne alikuwa Pentti, lakini Pentti alikamatwa na mgongo siku ya Alhamisi. Hilkka, mpeleka barua wa kata yetu, ambaye hakuna siri inayopita mikononi mwake bila kunuswa, alituambia tusijali, amepata mtu.

Tukasikia ngazi zikilia. Akatangulia Hilkka na kikapu chake cha mikate ya iliki. Nyuma yake akatokeza Aarni Kettula.

Moyo wangu uliruka kama mtoto aliyeitwa jina darasani. Nikajifanya nafuta darubini.

"Habari za asubuhi, Mzee Oiva," Aarni alisema.

"Umechelewa dakika mbili," baba akajibu.

"Saa yako ndiyo ina haraka, Oiva," Hilkka akamkata. "Mpishe kijana aweke mkoba."

Baba akanivuta kando. "Kwa nini huyu?" aliniuliza kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. Siku hizi minong'ono ya baba ilifika hadi ng'ambo ya ghuba. "Watu wamekwisha duniani?"

"Baba, anakusikia."

"Asikie. Kusikia ndiyo sifa yake, si ndiyo? Husikia hata visivyokuwepo."

Aarni aligeukia maji, akaanza kuhesabu bata. Masikio yake yalikuwa mekundu, na haikuwa baridi.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Juni moja Aarni alimpata kwenye kinamasi ndege nyenje mwenye michirizi, mgeni wa kutoka Siberia, kijindege kinachojificha chini ya majani na kuimba kama nyenje, wimbo mmoja mwembamba usiokatika. Mtu anaweza kuzeeka asikutane naye. Kwa furaha Aarni aliidondosha simu yake matopeni, kwa hiyo hakurekodi kitu. Alikimbia barabarani, akaazima simu, akampigia baba, kwa kuwa baba ni katibu wa kamati inayopima habari za namna hiyo. Baba akaja kukipambazuka. Walisimama bega kwa bega nusu saa nzima.

"Huyo, anaimba," Aarni akasema.

"Mimi nasikia mbu," baba akasema.

Kamati ikaandika kwamba haikubaliki. Hilo peke yake lisingemuua mtu. Lakini kwenye mkutano wa chama, mbele ya watu arobaini na sufuria ya supu, baba alisema kuna vijana wanaona ndege kwa mdomo. Kuanzia siku hiyo Aarni akisema ameona hata kunguru, watu huinua nyusi.

Mimi nilimpata vuli iliyopita, kazini. Ninasafisha meno ya watu mjini, naye alikuja na jino. Nilimpenda akiwa amefumbua kinywa na hawezi kujitetea. Sikukuu ya Pasaka akaniomba tuoane, nami nikamwambia asubiri. Kwetu binti haombi ruhusa ya baba, sheria haidai na jirani haulizi. Lakini nimepanda minara na baba yangu tangu nina miaka sita, na sikutaka kuolewa siku ambayo angekaa kanisani akitazama dirishani kutafuta mbayuwayu.

"Nitasubiri mpaka nipande boti," Aarni alinijibu. Kila kiangazi huenda kisiwani kuvisha ndege pete za miguu za kuwatambulia. "Ukinikataa, nitakuelewa. Lakini sitakuwa mkwe wa mlango wa uani, Tuulia. Sitaki kula chakula cha sikukuu nyumbani kwenu na baba yako ananihesabu kuwa mwongo."

Boti ilikuwa inaondoka Jumatatu.

Saa za kwanza zilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Korongo walipita wakipiga baragumu zao, bukini wakafuata, tai mkia-mweupe akakaa juu ya jiwe akijiona mwenye ghuba. Hilkka alikuwa akiandika na kutafuna. Kila Aarni alipotaja ndege, baba aliinua darubini yake haraka, akahakikisha, akakunja uso kwa sababu ndege alikuwepo.

"Mwandike," alikuwa akisema, kama anayelipa faini.

Mara mbili macho yangu na ya Aarni yaligongana juu ya kofia ya baba. Mara ya pili alinitabasamia kidogo upande mmoja wa mdomo, nami nikamwagia kahawa kiatu changu.

"Binti, una homa?" Hilkka akauliza. "Maana umekuwa mwekundu."

"Upepo tu."

"Upepo, eti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi simo," akaninong'oneza, akanipa mkate wa iliki.

Karibu saa tatu asubuhi kijindege kimoja cha kijani na manjano, kisichozidi kidole gumba, kilitua kwenye mwerebi mbele yetu. Kilikaa kimya. Hapo ndipo watu hupoteza marafiki. Kuna ndege wawili wanaofanana kama pacha: ndege wa mierebi, na yule tunayemwita tiltali, kwa sababu siku nzima huimba til-tal, til-tal. Wakiimba, hata mtoto anawatofautisha. Wakinyamaza, wataalamu hutoleana maneno.

Baba na Aarni waliinua darubini kwa pamoja.

"Miguu?" baba akauliza, bila kumtazama.

"Myeusi. Ndugu yake angekuwa na miguu ya rangi ya asali."

"Miguu hupakwa tope. Bawa?"

"Fupi. Na anashusha mkia kila anapohama tawi. Umeona? Hapo. Na hapo tena."

"Nimeona kabla yako."

"Sina shaka, mzee."

"Tiltali," baba akasema.

"Tiltali," Aarni akaitikia.

Wakashusha darubini, na kwa muda mfupi, Mungu ni shahidi wangu, baba alimtazama kijana yule kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Nikajisemea moyoni, leo mambo yataiva.

Yakaungua nusu saa baadaye.

Tulikuwa tumefika aina sitini na moja. Mnara wa ng'ambo ya pili, kwa habari za Hilkka na simu yake, walikuwa sitini na mbili, na baba alikuwa ameacha kula. Nilikuwa nimeinama nikifunga chupa ya kahawa, kifuniko kinakwaruza, Aarni aliponyoosha mkono kuelekea misonobari nyuma ya mnara.

"Taji-dhahabu! Anaimba."

Taji-dhahabu ndiye ndege mdogo kuliko wote huku kwetu. Uzito wake haufiki wa barua ya Hilkka, na utosini ana mstari wa dhahabu. Baba akageuka, akasikiliza, akafunga macho. Tukanyamaza wote.

"Hakuna kitu," akasema.

"Amenyamaza sasa hivi. Alikuwa juu ya ule msonobari mrefu."

"Kijana, taji-dhahabu wameisha hapa miaka sita sasa. Niliandika mwenyewe kwenye jarida la chama. Walimaliza kukata msitu wa zamani, na ndege nao wakaenda zao. Taji-dhahabu, mkwea-magome, ndege nyenje wa kawaida wa vichakani, wote. Huyo umemtoa wapi?"

"Kwenye msonobari, mzee. Sikumtoa mfukoni."

"Hilkka?" baba akaita.

"Nilikuwa natafuna, Oiva. Mikate hii ina sauti."

Baba akanigeukia mimi. "Tuulia. Umemsikia?"

Sikuwahi kuulizwa swali jepesi lenye uzito ule. Neno moja tu, ndiyo, lingemfanya ndege awe wa watu wawili, tungefikia sitini na mbili, na Aarni angekuwa mkweli mbele ya baba yangu. Aarni alinitazama. Hakunisihi kwa macho wala hakunikonyeza, alinitazama tu. Nilikuwa nampenda hadi meno yananiuma, na sikuwa nimesikia kitu ila kifuniko cha chupa.

"Hapana, baba," nikasema. "Sikumsikia."

"Ndiyo hivyo!" Baba akapiga ukingo wa mnara kwa kiganja. "Yaleyale! Miaka miwili, wimbo uleule! Mtu mmoja anasikia, dunia nzima imeziba masikio!"

"Oiva, punguza," Hilkka akasema.

"Sipunguzi! Mwaka ujao ataniletea mbuni!"

Aarni aliufunga mkoba wake polepole. Hakupandisha sauti. "Mzee Oiva, nimekuheshimu tangu niko shule. Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu yako. Lakini leo basi." Akashuka ngazi.

Nikamfuata. Baba aliniita, sikugeuka.

Nilimkuta chini ya mnara, karibu na misonobari, anahangaika na zipu ya koti iliyokataa kupanda.

"Nenda zako juu," akasema. "Utawapunguzia kikosi."

"Umenikasirikia?"

"Kwa lipi?"

"Kwa kusema sikusikia."

Akaiacha zipu. "Tuulia, ungesema ndiyo ningejua unadanganya. Kifuniko kilikuwa kinalia mkononi mwako. Ungesema ndiyo, ningepanda boti ile na nisingekuandikia hata kadi." Akacheka kidogo kwa uchungu. "Sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi, kwa sababu nakupenda kuliko jana, na baba yako ananichukia kuliko jana."

"Hakuchukii."

"Ameniambia nitaleta mbuni."

"Angekuchukia angenyamaza. Wewe hujui wanaume wa kwetu? Baba amekuongelesha leo kuliko alivyomwongelesha mama tangu Krismasi."

Akanishika mkono, glavu na glavu. "Nipe jibu langu, basi. Kama ni hapana, niambie hapa hapa, niende na mzigo mmoja."

Nilifungua mdomo kumjibu. Na juu ya vichwa vyetu, kwenye matawi ya msonobari, kitu kikaimba.

Ilikuwa sauti nyembamba kama sindano, inayopanda na kushuka haraka haraka, kisha ikajisokota mwishoni. Tukatazamana.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia! Aarni, nimesikia!"

"Usinikumbatie, panda! Chini hapa hahesabiwi!"

Tulizipanda ngazi zile mbili mbili. Juu, baba alikuwa ameegemea ukingo, na Hilkka alikuwa amesimama na nusu ya mkate hewani, hamezi wala hatafuni.

"Anaimba," Hilkka akasema. "Oiva, huyo anaimba. Hata mimi namsikia."

"Nani anaimba?" baba akauliza.

Ndege alikuwa amesogea. Alitua kwenye ncha ya tawi lililokuwa sawa na kimo cha mnara, hatua tatu tu kutoka kwenye pua ya baba. Hatukuhitaji darubini. Mstari wa dhahabu utosini uliwaka juani. Kisha akanyoosha shingo, akafumbua kidomo chake, na koo lake lote dogo likaanza kutetemeka.

Sisi watatu tulisikia ule wimbo mwanzo hadi mwisho. Baba alikuwa anatazama.

"Anaimba?" akauliza polepole.

"Anaimba, baba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Naona mdomo unafunguka," akasema. "Naona koo." Akavua kofia yake ya sufu na kuiweka chini, kama kwamba kofia ndiyo iliyokuwa na kosa. Ndege akaimba tena. Baba akageuza sikio moja, kisha la pili. Uso wake nilioujua maisha yangu yote ukawa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa. "Sisikii kitu, Tuulia. Sisikii hata kidogo."

Nikamshika bega. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili yangu mwenyewe.

Aliketi kwenye benchi. Akawa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti.

"Taji-dhahabu," akasema mwishowe. "Mkwea-magome. Ndege nyenje wa vichakani. Wote wana sauti nyembamba, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee," Aarni akajibu kwa upole. "Wote."

"Na mwaka jana, huku msituni, uliwasikia?"

"Kila asubuhi."

"Wote watatu?"

"Wote watatu. Taji-dhahabu wana viota vinne kutoka hapa hadi barabarani."

Nilidhani atalia. Mabega yakaanza kutikisika, nikapiga magoti mbele yake, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Hilkka akampigapiga mgongoni.

"Wapo!" akasema. "Kumbe wapo! Miaka sita nawaomboleza! Nimewazika, nimewaandikia tanzia jaridani, nimegombana na kila mtu mwenye msumeno katika kata hii, na wao wako juu ya kichwa changu wanaimba!"

"Mkeo alikwambia," Hilkka akasema. "Alikwambia televisheni inasikika hadi kwangu."

"Nilidhani ananionea wivu wa mpira."

Akapangusa macho kwa kofia. Kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu, akamtazama Aarni moja kwa moja.

"Siku ile kwenye kinamasi. Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba, Mzee Oiva."

"Kwa muda gani?"

"Muda wote tuliosimama. Nilidhani unanitania. Alikuwa karibu na miguu yetu kama kile kikapu."

Baba akakitazama kikapu. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Ndege nyenje mwenye michirizi," akasema. "Nimemtafuta miaka arobaini. Nimesimama naye kwa umbali wa hatua nne, nusu saa nzima, na mtu aliyenionyesha nikamwita mwongo." Akasimama, akanyoosha mkono wake mkubwa. "Sina la kujitetea. Nilikukosea mbele ya watu, na nitalifuta neno lile mbele ya watu haohao. Kwenye mkutano wa chama, kabla ya supu."

Aarni aliupokea mkono ule. "Baada ya supu, mzee. Kabla ya supu hawasikilizi."

"Usinifundishe kuomba radhi."

"Samahani."

Hilkka akapenga makamasi kwa kishindo na kuandika sitini na mbili. Nilidhani sasa watu watarudi kwenye darubini zao, maana ndivyo tulivyo, tukishasema jambo moja zito tunahitaji mwaka wa kupumzika. Lakini Aarni hakuuachia mkono wa baba.

"Mzee, kuna jambo jingine. Naomba kumwoa binti yako."

Baba akashtuka, akaurudisha mkono wake. "Unaniomba mimi? Binti si baiskeli yangu. Muulize mwenyewe."

"Nilishamuuliza. Pasaka."

"Pasaka! Akakujibu nini?"

"Aliniambia nisubiri."

Baba akanigeukia, nyusi zake nyeupe juu. "Tangu Pasaka? Mtu mwenye jicho la kumjua tiltali aliyenyamaza, wewe unamsubirisha? Ulikuwa unasubiri nini, mwanangu?"

Hilkka akajifanya anatafuta kitu kikapuni.

"Nilikuwa nakusubiri wewe, baba."

Alinitazama. Nyuma yake taji-dhahabu aliimba tena, na kwa nyuso zetu sisi watatu baba akajua kwamba anaimba. Akanivuta kifuani pake, koti lake la kale linanuka kahawa na utomvu, akaongea juu ya nywele zangu kwa ule mnong'ono wake uliofika hadi ng'ambo ya ghuba.

"Basi usinisubiri tena, mama. Mimi nachelewa kusikia. Mjibu mwenzio."

Nikamjibu.